Upepo Niliousingizia

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliniletea rasimu ya kazi yake ya shahada ya lisansi. Kwenye ukurasa wa kumi na kitu nikakuta sentensi inayosema kwamba Wambuti, wale wawindaji wa msituni, huelekeza milango ya vibanda vyao kwa kufuata upepo. Chini yake ameweka tanbihi, na tanbihi inataja ripoti ya mradi fulani. Ripoti hiyo naijua. Ndani yake maneno hayo yanasemekana yametoka kwa mtaalamu mwenyeji, na mtaalamu mwenyeji ni mimi.

Upepo ule niliutunga mwenyewe asubuhi moja, nimesimama katika kambi ya msituni ng'ambo ya Mambasa, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kusema. Ndani ya msitu ule hakuna upepo. Yeyote aliyekaa humo anajua. Juu kabisa matawi yanaweza kupigana mchana kutwa, lakini chini moshi wa moto unapanda wima kama nguzo. Mwanafunzi wangu hajawahi kufika huko, na sikumlaumu. Mimi nilipewa alama za juu kule Kisangani kwa kazi juu ya watu hao hao, na wakati ule sikuwa nimekula nao hata ndizi moja. Nilikula vitabu vya maktaba, navyo vilikuwa vimekwisha kuliwa na mchwa kabla yangu.

Rasimu bado iko mezani pangu. Nimesahihisha mikato na nukta kwa ukali wote wa mwalimu mzee, ila ukurasa ule mmoja sijaugusa.

Aliyeniingiza katika mambo haya alikuwa mwindaji wa makamo, mwili mdogo na sauti kubwa, ambaye wenzake walimchagua kuwa prezida wa komite yao. Alikuja Bunia nyuma ya pikipiki, siku mbili za matope, akiwa na jina langu kwenye kipande cha karatasi. Alikuwa ameandikiwa na mwanafunzi wangu wa zamani anayefundisha Mambasa. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za chuo, anatazama walimu wakipita na mikoba yao.

"Ni weye fundi wa karatasi?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni mwalimu.

"Mwalimu iko kule kwetu. Anafundisha watoto. Miye natafuta fundi wa karatasi."

Alinieleza shida yao bila haraka. Pale barabarani palikuwa na mtu mwenye nyumba ya wageni. Gari la wageni likisimama, anatuma mtu msituni kuwaita. Wanacheza kando ya uzio wake, wageni wanapiga picha, kisha wao wanapewa sigara na chupa ya pombe kali, wanarudi wakiyumba.

"Wanatuona saa tuko walevi," akasema, "halafu wanaenda kusema kwao: tumeona Wambuti. Kumbe wameona pombe."

Komite ilikuwa na wazo lake, na nataka ieleweke vizuri kwamba lilikuwa lake. Wageni waje kambini, si kambi iende kwa wageni. Watembee na watu kwenye mitego ya nyavu, wabebe majani kama kila mtu, walale juu ya majani kama kila mtu. Nyimbo watachagua wanawake, na siku isiyo na nyimbo haina nyimbo. Mgonjwa hapigwi picha. Hivyo watoto wataona kwamba mambo ya wazazi wao yanafuatwa kwa miguu kutoka mbali, wala hayaitwi kwa mluzi. Na kwa kuwa kambi huhama, mtu wao mmoja atakaa barabarani, na wageni wakija atawapeleka popote kambi ilipo siku hiyo. Yote hayo walikwisha kuyafikiri. Walikosa mtu wa kuyaweka katika Kifaransa tu.

"Siye tuko na pori, weye uko na karatasi," akamalizia. "Karatasi bila pori ni ya nini?"

Kwa miaka mingi nilikuwa nimepata mshahara wangu, unapotoka, kwa karatasi bila pori.

Nilikwenda kwao likizo iliyofuata, nikiwa na daftari jipya, viatu visivyofaa, na furushi la samaki wa kukaushwa kutoka Tchomia, kule ziwani. Samaki walikuwa ndio kitu pekee cha akili katika mzigo wangu. Dada mkubwa wa prezida, mama mzee mwenye macho ya kucheka na mguu mmoja mbovu, alinusa furushi kabla ya kunisalimu. Alipenda chumvi kama mtoto. Tangu siku hiyo aliniita mwanawe, na mpaka leo sijui kama alinipenda mimi au samaki. Nadhani hakuona haja ya kututenganisha.

Kambini nyumba ni kazi ya wanawake. Wanakata fito, wanazipinda, wanazifunika kwa majani mapana ya mangongo kama magamba ya samaki, na jioni pana paa. Mama yule alinijengea kibanda changu akisaidiwa na binti yake, mwanamke wa rika langu, mkavu wa maneno. Nilikaa juu ya mzizi nikaandika idadi ya fito. Mlango waliuweka ukitazamana na mlango wa mama mwenyewe, hatua tano tu. Nikafikiri ni sadfa, au ni njia ya kumchunga mgeni asiibe.

Siku ya tatu kulikuwa na kelele baina ya wanawake wawili kuhusu mgawo wa nyama ya nyavu. Sikuyaelewa maneno, ila sauti zilitosha. Asubuhi nilipotoka, nikaona kibanda cha mmoja wao kimebadilika. Mlango uliokuwa kusini sasa uko kaskazini. Alikuwa ameng'oa majani upande mmoja, akayahamishia upande wa pili, na sasa nyumba yake ilikuwa imempa jirani mgongo. Kila mtu alipita akitabasamu. Nikamwuliza binti wa mama maana yake.

"Amekasirika," akasema.

"Na huyo mwingine atafanya nini?"

"Atauliza."

"Atauliza nini?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza maji yanalowesha vipi, akaniita yaya, neno letu la kaka au dada. "Yaya, mutu akikupa mugongo, si unauliza nimekosa nini?"

Siku mbili baadaye mlango ulirudi kusini. Nikaandika katika daftari kwamba mwelekeo wa mlango ni kiashiria cha mahusiano ya kijamii. Nilijivunia sana neno kiashiria.

Nilipoandika dosie, yaani maombi ya fedha za mradi, niligundua kwamba wafadhili hawawezi kufadhili kambi inayotembea. Fomu yao ilikuwa na kisanduku cha mahali, na kisanduku kilitaka namba za setilaiti. Pia walitaka mchoro. Ningeweza kuandika maelezo marefu ya kuwaambia kwamba kuhama ndiyo kambi yenyewe, na kambi isiyohama ni kitu kingine. Niliyajua hayo. Nilikuwa nimeyaandika Kisangani, sura ya pili. Lakini kisanduku kilikuwa kidogo na mimi nilikuwa na hamu ya kufaulu. Nikachora mviringo wa vibanda kumi, kila kimoja na namba yake, milango yote ikitazama moto wa katikati, na kando kibanda kikubwa cha wageni. Nikarudi msituni kuwaonyesha.

Mama mzee aliushika mchoro kichwa chini, binti akaugeuza. Akautazama muda mrefu.

"Hizi nyumba zote zinapendana?" akauliza.

Nikasema ndiyo, kwa vile wageni watapenda kuona umoja.

"Hawajagombana hata siku moja?"

"Kwenye karatasi hawagombani, mama."

Alicheka mpaka akakohoa, akawapitishia wengine. Prezida naye alicheka, kisha akauliza kama kweli lazima wakae mahali pamoja. Nikamjibu kwamba ni kwa kuanzia tu, dosie ikipita tutabadilisha. Wakazungumza kwa lugha yao. Kwao hakuna anayemwamuru mwenzake, hata prezida, kwa hiyo mazungumzo huwa marefu na mwisho wake hauonekani. Nilijua yamekwisha pale mama aliponirudishia karatasi.

"Kambi ikikaa sana inanuka," akasema. "Lakini tutajaribu, mutoto wangu."

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Wageni walikuja wawili, watatu, wakati mwingine mwezi mzima hakuna. Kuna waliolalamika kuhusu sisimizi, na kuna mmoja aliyelia alipowasikia wanawake wakiimba wakirudi kutoka kurina asali. Mwenye nyumba ya wageni barabarani aliacha kuwaita, maana hawakuitika tena. Vijana waliokuwa wameanza kuona aibu kubeba nyavu walizibeba tena, wakijifanya ni kwa ajili ya wageni. Mama aliniambia hilo akinong'ona, kama siri ya ushindi. Ningetaka kusimamisha kumbukumbu yangu hapo.

Kisha wafadhili wakatuma watu wa kuja kuona. Walikuwa wanne, wawili kutoka Ulaya na wawili kutoka Kinshasa, wakiongozwa na bibi mmoja mpole wa Kinshasa, mwenye kuandika kila kitu. Niliwapokea Mambasa. Nikatangulia siku moja ili kuhakikisha kambi iko tayari. Neno tayari lilikuwa langu. Nilitembea saa nne kutoka barabarani, na samaki wa Tchomia mgongoni.

Nilipofika sikusikia sauti, na kambi yao husikika kabla ya kuonekana. Kibanda cha mama hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na rundo la fito na majani lililolala chini, majani bado mabichi. Kikohozi kilimchukua alfajiri ile. Walikuwa wamemzika pale pale, na nyumba yake wakaiangusha juu yake, kama ilivyo desturi. Kinachofuata pia ni desturi. Kambi inaachwa siku hiyo hiyo, watu wanakwenda mbali, na jina la aliyekufa halitajwi.

Walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Nyavu zilikuwa mabegani. Binti yake alikuwa amesimama kando ya moto uliozimwa, ameshika kaa la moto lililofungwa ndani ya majani, ndivyo wanavyohamisha moto. Moshi mwembamba ulitoka katikati ya vidole vyake.

Nilitoa pole. Nililia pia, na machozi yalikuwa ya kweli, nasema hivyo kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji asiyaamini. Nikakaa chini na prezida. Nikamwambia kuhusu wale wanne walioko Mambasa.

"Waambie tumehama," akasema.

"Nikiwaambia hivyo watarudi Kinshasa na dosie itakufa."

Akaendelea kukaza kamba ya mzigo wake. Ndipo nikasimama, nikawaambia wote, kwa Kiswahili changu cha darasani, kwamba naomba siku mbili tu. Wageni waje, walale, waondoke, kisha kambi ihame. Niliwaambia mradi huu ni wa kulinda desturi zao. Niliwaambia kwamba wakiondoka leo, kesho watarudi kucheza kando ya uzio. Na nilipoona hawajashusha mizigo, nikasema, "Mama angelipenda."

Binti yake aliinua uso. "Unaniomba nilale hapa?"

"Siku mbili, yaya."

"Na mama angelipenda."

"Ndiyo."

"Basi weye umemujua kuliko miye."

Alisubiri kidogo. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kuyarudisha maneno yangu. Kisha akachutama, akafungua yale majani, akaliweka kaa chini palepale lilipotoka, akaanza kulipuliza. Wengine wakashusha nyavu.

Mimi nilirudi barabarani kabla giza halijaingia ili niwalete wageni. Tulifika kesho yake asubuhi, mimi mbele. Tulipotokea uwanjani nikasimama ghafla, bibi wa Kinshasa akanigonga mgongoni.

Vibanda vyote vilikuwa vimegeuka. Vyote tisa vilivyobaki. Tangu nilipoondoka walikuwa wamefanya kazi. Majani yaling'olewa na kupangwa upya, na sasa uwanja wa katikati, moto, kibanda cha wageni, na sisi tuliosimama pale tulikuwa tumezungukwa na migongo ya kijani. Milango ilitazama msitu. Watu walikuwa wamekaa huko nje, kila mmoja mbele ya mlango wake, ng'ambo ya nyumba zao, hatuwaoni.

Nilijua kusoma kile nilichokiona. Nilikuwa nacho kwenye daftari, na neno kiashiria. Damu ilinipanda usoni, kwa maana nilifikiri jambo moja tu, kwamba wamenigeuzia mimi mgongo, mimi mtu wao, mbele ya wageni wangu.

"Profesa," akaniuliza yule bibi kwa Kifaransa, kalamu mkononi, "kwenye mchoro wako milango inatazama ndani. Mbona hapa inatazama nje?"

Lilikuwa swali zuri. Sijawahi kuulizwa swali zuri zaidi katika maisha yangu ya ualimu.

"Ni kwa sababu ya upepo," nikasema. "Majira yakibadilika wanafuata upepo."

"Ajabu," akasema, akaandika.

Mgeni mmoja wa Ulaya alipiga picha ile migongo, akasema ni usanifu wa hali ya juu. Mwenzake akauliza rundo la fito na majani ni la nini. Nikasema ni kibanda cha zamani. Hawakuimba siku hiyo wala iliyofuata. Prezida aliwaambia sauti zimechoka, nami nikatafsiri, na wageni wakasema wameguswa sana na ukimya wa msitu. Ripoti ilikuwa nzuri mno. Dosie ilipita.

Na kwa kuwa ilipita, wageni wengine waliahidiwa, na siku zangu mbili zikawa miezi miwili, kisha na zaidi. Mimi nilikuwa Bunia nikisimamia mitihani. Baadaye nilisikia kwamba wanyama walikwisha kuhama eneo lile, kambi ikachoka, na watu, badala ya kuingia ndani zaidi ya msitu kama zamani, wakasogea barabarani, karibu na kibao cha mradi, kungoja. Vita ilipokuja ilipita barabarani. Sitaeleza hayo. Katika mkoa wetu kila nyumba ina yake ya kueleza. Niseme tu kwamba baadhi yao hawakuinuka pale. Prezida alionekana mara ya mwisho akielekea upande wa Nia-Nia na watoto wawili mabegani. Kibao, niliambiwa, bado kimesimama.

Niliposoma upepo wangu katika rasimu ya mwanafunzi, nilikwenda kumtafuta binti wa mama. Nilikuwa nimesikia tangu mwaka jana kwamba yuko hapa Bunia, katika kambi ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji. Tangu mwaka jana. Kutoka kwangu ni dakika ishirini kwa pikipiki. Nilikuwa na kazi nyingi, nadhani.

Nilinunua samaki wa Tchomia sokoni. Kufika kule, jambo la kwanza lililonipiga ni mchoro wangu. Vibanda vya turubai vimepangwa kwa mistari, kila kimoja na namba iliyopakwa rangi, milango yote ikitazama upande mmoja, kwenye njia ya magari ya misaada. Aliyepanga alikuwa na kisanduku chake cha kujaza, simlaumu.

Alikuwa ameketi nje, anaosha sufuria. Alikuwa amekonda. Alinijua kabla sijasema.

"Fundi wa karatasi," akasema. "Umeleta samaki?"

Nikampa. Alinusa furushi kama mama yake alivyolinusa. Kisha akanipa kibao cha kukalia. Tukaulizana habari za walio hai. Nilitazama mlango wake, na aliona ninavyotazama.

"Usisome hiyo," akasema. "Huku mulango si yangu. Niligeuza mara moja, walikuja kurudisha. Walisema inaharibu mustari."

"Ulimgeuzia nani?"

"Jirani. Aliiba kuni yangu." Akatabasamu kidogo. "Hakuuliza kitu. Alifikiri nakimbia jua."

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile niliona milango, nikajua wamenikasirikia, na kwa aibu niliwaambia wageni ni upepo. Nikamwambia upepo huo sasa umeandikwa, na mtoto wa chuo ameusoma, na karibu utakuwa ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Hata hotuba fupi ya kuomba msamaha nilikuwa nayo.

Aliacha kusugua sufuria.

"Tumekukasirikia weye?"

"Si mlinipa mgongo?"

"Weye uko nani?" aliuliza bila ukali, kama anayetaka kujua kweli. "Yaya, hatukugeuza juu yako. Siye hatuwezi kumwambia mugeni hapana. Weye ulikula kwa mama, ukaomba, tukakaa. Tukasema, tutageuza milango. Wageni wataona. Mutu akipewa mugongo anauliza. Watakuuliza weye, juu weye uko na luga yao. Utawaambia, hapa kuna maiti, hawa watu wanataka kutoka. Wataona haya, watarudi. Na siye tutatoka, hakuna mutu amemunyima mutu kitu." Aliinamisha sufuria, akamwaga maji. "Waliuliza?"

"Waliuliza."

"Waliuliza nini?"

"Mbona milango inatazama nje."

"Aa," akasema. "Basi walikuwa watu wazuri."

Mtu wa misaada alipita kwenye mstari na daftari, akahesabu vibanda kwa kidole, akaendelea. Lilikuwa daftari kama langu.

"Tulikungoja," akasema. "Siku ile, na kesho yake. Tulisema labda anatafuta maneno. Karatasi inachukua muda. Halafu wageni wengine wakaja, tukasema labda hawa. Tulilala pale juu ya mama mupaka miguu ikasahau njia ya ndani. Hata barabarani tulikuwa bado tunangoja useme."

Nilitaka kumweleza kuhusu dosie, kuhusu kisanduku, kuhusu jinsi nilivyoamini. Nilifungua kinywa. Aliona kinafunguka, akainuka, akachukua kibao chake na furushi la samaki, akakaa tena hapo hapo, lakini upande wa pili, akitazama turubai yake. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Mifupa ya mabega ilionekana chini ya kitambaa. Alianza kufungua samaki mmoja mmoja na kuwapanga juu ya jani la mgomba.

Nilikaa nyuma yake kwa muda. Watu walipita kwenye njia, wakatutazama, mwanaume mwenye miwani na mwanamke asiyemtazama. Hotuba yangu yote ilikuwa imepotea. Lilibaki swali moja, ambalo mtoto yeyote wa kambi ile angeliuliza siku ya kwanza.

"Nimekosa nini?" nikamwuliza.

Hakugeuka. Alimaliza samaki aliyekuwa mkononi, akamweka pembeni, akafuta vidole. Kisha akaanza kuniambia, tangu siku ile ya mchoro, polepole, na ilikuwa habari ndefu. Daftari lilikuwa mfukoni. Sikulitoa.